Boma Lenye Mgonjwa

Kila asubuhi, kabla ya kuwafungulia kuku wake, Wakio huegemeza sikio kwenye mlango wa banda na kusikiliza. Kuku mzima akiamka hulalamika, hukung'uta mabawa, humsukuma mwenzake kwenye kijiti. Hizo zote ni kelele za afya. Anachotafuta Wakio ni kitu kingine: chafya ndogo kavu, au ule mkoromo wa kamasi kooni, kama maji yanayotokota ndani ya sufuria iliyofunikwa. Asipousikia, ndipo huvuta komeo.

Anafanya hivyo hata mvua ikinyesha. Anafanya hivyo hata Julai, ukungu unapoteremka kwenye vilima vya Mbololo na kuuficha uwanda wote wa chini, mpaka mtu asiamini kwamba huko kuna mji unaoitwa Voi, wenye jua na vumbi na maduka.

Wanakijiji walimpa jina la Mama Matone. Miaka kadhaa nyuma, watu wa mifugo walikuja kuchagua mwanamke mmoja kila kijiji wamfundishe kuchanja kuku dhidi ya kideri, ule ugonjwa unaopinda kuku shingo na kuwamaliza boma zima. Wakio alichaguliwa kwa sababu alikuwa na mikono mitulivu. Alipewa vichupa na kitoneshi. Chupa ikishafunguliwa ilikuwa lazima imalizike siku hiyo hiyo, kwa hiyo majirani walikubaliana siku, naye akapita nyumba hadi nyumba na thamosi yenye barafu kutoka friji ya dukani. Mwenye kuku anamshika, Wakio anamgeuza kichwa taratibu, tone moja jichoni, kisha anangoja. Kuku akipepesa, imeingia. Aliipenda sana hiyo kazi. Hakuwahi kumwambia mtu kwamba aliipenda.

Halafu ukaja mwaka ule wa Zipporah.

Zipporah, au Mama Wesley kama wote wanavyomwita, ni jirani yake wa chini tu, mwanamke wa maneno mengi na moyo mwepesi. Siku ya chanjo Wakio alimuuliza, "Wote wazima?" Zipporah akajibu, "Wazima kabisa, njoo uone." Wakio akawatia matone wote waliokuwa uani, akanawa mikono kwa maji matupu, akaendelea na nyumba nyingine tatu.

Wiki haikuisha. Kuku wa Zipporah walianza kutembea kinyumenyume, shingo zimepinda kama za watu wanaotafuta kitu mgongoni. Walikufa wote. Kisha wakafa wa zile nyumba tatu alizopitia baada ya hapo. Jumapili kanisani, Wakio alipofika kwenye benchi lake, wanawake waliokuwa wakizungumza walinyamaza. Hakuna aliyemtukana. Mmoja tu, akiwa mlangoni, aliitazama mikono yake, kisha akaificha ya kwake ndani ya leso.

Bwana wa mifugo alikuja, akakagua, akamketisha chini. "Chanjo si dawa ya mgonjwa, mama. Boma likiwa na mgonjwa mmoja, hesabu kwamba wote ni wagonjwa, hata wale wanaokula vizuri. Usichanje. Subiri. Na usitoke hapo uende kwa mwingine."

Baadaye sana, Wesley mwenyewe alimwambia, kwa kicheko cha mtoto asiyejua anachosema, kwamba siku ile kulikuwa na tetea aliyezubaa, na mama yake alimfunika chini ya tenga jikoni ili wale wengine wasikose matone. Wakio hakulisema hilo kwa mtu. Alimsalimu Zipporah kesho yake kama kawaida. Lakini tangu hapo, kila anaposimama kwenye lango la mtu na thamosi yake, huuliza, "Kuna mgonjwa hapa?" Na hata akiambiwa hakuna, huingia jikoni na kuinua matenga mwenyewe.

Binti yake, Shanice, anafanya kazi kwenye hoteli ya watalii ndani ya mbuga ya Tsavo. Hukaa huko wiki nyingi mfululizo, kisha hupewa likizo, huja na sabuni ndogo ndogo za hotelini na hulala siku nzima. Baba wa watoto alishajenga nyumba nyingine kwingine. Kwa hiyo watoto ni wa Wakio: Lewis, wa miaka minne, ambaye hatembei bali hukimbia, na Daisy wa miaka miwili, ambaye humfuata kaka yake akilia amngoje.

Julai ya mwaka huu homa ya mafua iliingia kwenye chekechea. Mara ya kwanza ilionekana kama mafua ya kila baridi. Kisha madawati yakawa matupu. Ikaja habari kutoka Chawia kwamba mtoto amefariki, kisha mwingine, na watu wakaanza kushusha sauti walipozungumza juu ya vifua. Jumapili mzee wa kanisa alisoma tangazo: chanjo ya homa hiyo ya mafua imeletwa kwenye zahanati, kwa watoto walio chini ya miaka mitano, kuanzia Alhamisi hadi Jumamosi. "Na mtoto mwenye homa kali," aliongeza, "asubiri kwanza apoe."

Wakio, kwenye benchi lake, alitikisa kichwa kukubali. Hilo alilijua kuliko mzee.

Jioni hiyo alipanda kwenye jiwe lililo juu ya shamba, mahali pekee ambapo simu hushika, akampigia Shanice.

"Wapeleke, mama," Shanice alisema. Nyuma yake kulisikika sahani. "Huku wageni wenyewe wanakohoa tu. Wapeleke Alhamisi asubuhi, usingoje foleni."

"Nitawapeleka."

"Na usianze kuwaza. Nakujua wewe."

"Nawaza nini?"

"Mama, wewe ndiye uko nao. Mimi nikisema sana ni kelele tu. Nakuachia."

Simu ikakatika yenyewe. Wakio alibaki pale juu kidogo, akitazama ukungu ukijaza bonde.

Alhamisi alisikiliza banda: kuku walikuwa wazima. Akavuta komeo. Alikuwa akirudi na mayai kwenye leso yake alipopita chini ya dirisha la chumba cha watoto, na hapo akasikia chafya. Moja. Kisha ya pili, nayo ina maji.

Aliyaweka mayai chini, akaingia. Alimwinua Daisy, akamlaza kifudifudi kwenye magoti yake, akamwekea sikio mgongoni. Kifua kilikuwa safi, lakini pua ilikuwa ikitiririka. Alimgusa paji la uso kwa mdomo: hakuna joto. Akamwita Lewis, akamsikiliza naye. Hakukuwa na kitu ila moyo wa mtoto unaodunda kwa haraka ya kutaka kwenda.

Lewis alikuwa ameshavaa viatu, cha kulia kushoto na cha kushoto kulia.

"Nyanya, tutatiwa matone machoni?"

"Hapana. Nyinyi ni sindano. Ya pajani."

"Nikipepesa itakuwa imeingia?"

"Kaa kwanza, Lewis."

Alikaa. Wakio naye alikaa, kwenye ukingo wa kitanda, na mikono yake juu ya magoti. Watoto hawa walilala chini ya blanketi moja. Walinywea uji kikombe kimoja, hata akiwatenganishia. Daisy akiwa na kitu leo, Lewis alikuwa nacho tangu jana, kimejificha tu, kama kilivyojificha ndani ya wale kuku waliokuwa wakidonoa mtama kwa Zipporah huku tayari wamekwisha. Boma likiwa na mgonjwa mmoja, wote ni wagonjwa. Aliona mikono yake ikimshika Lewis paja ili sindano iingie. Aliona siku zinazofuata. Aliiona mikono ya yule mwanamke wa mlangoni pa kanisa, ikifichwa tena ndani ya leso.

"Hodi hapa! Mama Shanice, bado mmelala? Foleni inafika barabarani!"

Alikuwa Zipporah, mjukuu mgongoni, mwavuli mkononi ingawa mvua haikuwepo.

"Mama Wesley. Karibu. Sisi hatuendi leo."

"Hamwendi? Kwa nini?"

"Daisy ana mafua."

Zipporah alichungulia mlangoni, akamwona Daisy akicheza na kifuniko cha sufuria. "Huyu? Hizi ni kamasi tu! Watoto wa Mbololo mwezi huu wote wana kamasi. Ukingoja pua ikauke utamchanja akiwa ameolewa." Akacheka. "Ama Mama Matone anaogopa sindano? Wewe umechanja nusu ya kijiji!"

"Boma lenye mgonjwa halichanjwi."

"Hawa ni watoto, Mama Shanice. Si vifaranga."

"Ndiyo maana," Wakio alisema.

Kicheko kilimwisha Zipporah taratibu. Macho yake yalikwenda jikoni kwa Wakio, kwenye tenga lililofunikwa juu ya magunia, yakarudi haraka. Wakio aliona kwamba ameelewa, na Zipporah akaona kwamba Wakio alijua siku zote.

"Basi nipe Lewis tu niende naye," Zipporah alisema, kwa sauti ndogo kuliko ile aliyokuja nayo. "Yeye si mzima?"

Wakio alimtazama Lewis na viatu vyake vilivyobadilishana. Neno la kumruhusu lilimfika mdomoni. Alilimeza.

"Tutakuja wote. Akipoa."

Zipporah alifungua mwavuli wake bila sababu, akaondoka.

Ijumaa pua ya Daisy ilikuwa ileile. Jumamosi ilikauka. Wakio aliwaogesha, akawapaka mafuta, akamfunga Daisy mgongoni, na wakateremka kwenye ukungu, Lewis akitangulia, akirudi, akitangulia tena. Zahanati ilikuwa kimya. Sista Ndunge, muuguzi aliyekuja kutoka Ukambani mwaka mmoja uliopita na kuzoeana na kila mtu, alikuwa akipangusa meza.

"Pole, mama. Ziliisha jana jioni. Tumeambiwa zitaletwa nyingine baada ya wiki chache. Nitatuma neno."

"Haya, sista. Si neno."

"Watoto wako wazima lakini?"

"Wazima."

Walianza kupanda kurudi. Baada ya msikiti mdogo wa njiani, ambapo mlima huwa mkali, Lewis alisimama na kuinua mikono.

"Nyanya, nibebe."

Wakio alisimama. Mtoto huyu hakuwahi kuomba kubebwa tangu ajue kutembea. Alimgusa paji la uso kwa mdomo, na lilikuwa la moto.

Jumatatu alirudi zahanatini, Lewis mikononi, mbavu zikiingia ndani kila alipovuta pumzi. Ndunge alimchukua, akampima, akapiga simu Voi kuomba gari. Wakati wakingoja alimfunika mtoto na kuuliza, akiwa amempa Wakio mgongo:

"Hukuwaleta Alhamisi. Nilikutafuta kwenye foleni."

"Dada yake alikuwa na mafua."

"Alikuwa na joto?"

"Hapana. Kamasi."

Ndunge aligeuka. "Kamasi tu si kitu, mama. Ungewaleta wote wawili. Ningewachoma." Akamshika Lewis mkono. "Nani alikuambia usubiri?"

Wakio aliangalia sakafu ya saruji. Alifikiria kusema tangazo la kanisani, na tangazo lilikuwepo, lakini lilisema homa kali na yeye alilisikia vizuri.

"Kuku," alisema.

"Kuku?"

Ndipo akamweleza, kwa maneno machache, kideri na Zipporah na zile nyumba tatu, ila habari ya tenga hakuitaja. Ndunge alisikiliza mpaka mwisho. Hakucheka, na Wakio angependelea acheke.

"Kwa kuku ni sawa ulivyofundishwa," Ndunge alisema hatimaye. "Hata kusubiri kwako kule ni sawa. Lakini kwa watoto siyo hivyo. Yale matone yako yana kirusi hai, hii yetu haina. Haiwezi kuuamsha ugonjwa. Na kamasi za Daisy hazimzuii Lewis." Akamtengeneza Lewis blanketi. "Sikiliza, mama. Hata ningemchoma Alhamisi, kinga huchukua kama wiki mbili kushika. Na yeye kwa mara ya kwanza angehitaji sindano mbili. Huenda angeugua vilevile. Usijibebeshe."

"Huenda."

"Huenda. Hakuna anayeweza kukuambia zaidi ya hapo."

Gari lilikuja. Njiani kuteremka Voi ukungu uliisha, na jua likawapiga usoni kana kwamba hakuna kilichotokea. Wakio aliligeuza lile neno la Ndunge kila upande, kama mtu anayetafuta pa kushika chungu cha moto. Huenda angeugua vilevile. Huenda asingeugua. Hakupata pa kushika.

Shanice alifika hospitalini kutoka mbugani akiwa bado na sare ya kazi, jina lake kifuani kwenye kibao kidogo. Alimkuta Lewis na mpira wa oksijeni puani. Alimshika mguu, mguu tu, kwa sababu ndio uliokuwa mtupu, na akakaa. Wakio alingoja swali. Wote walikuwa wameshamuuliza: shangazi wa Shanice, mchungaji, hata mama wa kitanda cha jirani, ambaye hakumjua. Kwa nini hukumpeleka? Alikuwa na jibu tayari mdomoni, limekaa mpaka likachacha. Shanice hakuuliza. Alisema tu, "Nenda ukapumzike, mama. Daisy yuko na nani?"

"Yuko kwa Mama Wesley."

"Basi nenda kwa Daisy."

Lewis alitoka hospitalini mwezi uliofuata. Alirudi mwembamba, na kitu fulani kwenye kifua chake hakikurudi naye. Akipanda kutoka kisimani husimama mara kwa mara, mdomo wazi. Daktari alisema huenda kitapona akikua, na huenda kitamfuata. Wakio alishalichoka neno hilo. Sasa Daisy ndiye hukimbia mbele, kisha hurudi kumtazama kaka yake, hajui kwa nini hamfukuzi. Lewis hukaa mlangoni na sweta mbili, akitazama kuku. Kuku wote ni wazima. Msimu huu hakufa hata mmoja.

Shanice hakurudi hotelini. Alipata kazi ya kupika kwenye mkahawa karibu na stendi ya Voi, na chumba nyuma ya mkahawa huo, mahali penye jua na karibu na hospitali. Alimwambia mama yake akiwa anakunja nguo, bila ukali wowote. "Ni kwa ajili ya kifua chake, mama. Hapa baridi."

"Ni kweli, baridi," Wakio alisema.

"Utakuja kututembelea."

"Nitakuja."

Waliongea hivyo wiki zote hizo, kama watu wanaopishana kwenye mlango mwembamba, kila mmoja akijibana ili asimguse mwenzake. Wakio alipika kimanga, ule muhogo unaopondwa na maharagwe, Shanice akala na kushukuru. Wakio alimwekea Lewis sikio mgongoni, Shanice akatazama kwingine.

Kisha neno likaja kutoka kwa Ndunge: chanjo imeletwa. Ilitokea kwamba siku yake ni ileile ambayo Shanice alikuwa ahame. Mizigo ilifungwa jana yake: magunia mawili, godoro, beseni lenye vyombo. Bodaboda angekuja kuichukua baada ya saa za chai.

Asubuhi hiyo Wakio alitoka kama kawaida. Ukungu ulikuwa mzito, banda lenyewe likionekana kama kivuli. Aliegemeza sikio kwenye mlango. Alisikia mabawa, malalamiko, kucha kwenye kijiti. Alikaa hapo muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kesho nyumba ingekuwa kimya, na kelele hizi ndizo zingebaki.

"Mama."

Shanice alikuwa amesimama nyuma yake, Daisy kiunoni, leso imewazungusha wote wawili. Wakio hakujua alikuwa pale tangu lini. Daisy alipiga chafya. Kamasi zilimtoka, mbili, nyeupe, zikafika mdomoni, naye akazilamba bila wasiwasi.

Shanice alizifuta kwa kidole chake. Aliutazama mlango wa banda, kisha uso wa mama yake, na kwa mara ya kwanza tangu hospitalini hakuyaondoa macho.

"Zimeanza alfajiri. Lewis nampeleka, Ndunge ameshasema kifua chake hakimzuii kuchanjwa," alisema. "Lakini huyu. Ungekuwa wewe, ungempeleka?"

Wakio alinyoosha shingo, akamgusa Daisy paji la uso kwa mdomo. Lilikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Ile sauti ya zamani ilikuwepo bado, haikwenda popote. Ilimwambia boma lina mgonjwa, subiri. Ilimwambia kwamba likitokea lolote, safari hii litakuwa neno lake, limetoka kinywani mwake, na Shanice atakuwa amelisikia.

Akavuta komeo. Kuku wakamwagika kupita miguuni mwao.

"Mpeleke," alisema. "Na kamasi zake. Mpeleke leo."